Chumvi Katika Maziwa ya Mama Mkwe

Hadi leo nikikata tango, mkono hupunguza mwendo wenyewe, kana kwamba kuna mtu nyuma yangu kwenye kigoda ananiambia, "Nyembamba zaidi, mimi sina meno ya mbuzi." Mama mkwe wangu alikuwa amebakiwa na meno sita. Nilikaa naye Songwa miaka ile ambayo sabuni ilikuwa adimu kuliko almasi, na mume wangu alikuwa amekwenda Geita kwenye mashimo ya dhahabu. Tulibaki watu wazima wawili, mimi na yeye, na watoto wangu, na ng'ombe wake wachache ambao hakupenda mtu awahesabu.

Majina ya watu hawa ninayo yote, hata ya ng'ombe. Siyaandiki. Wengi wamelala makaburini, na aliyelala huwezi kumwomba ruhusa.

Mwaka huo mama mkwe alishikwa na nyongo. Ubavu wa kulia ulimkaza mpaka akajikunja kama mtoto. Tulimpakia kwenye baiskeli ya jirani, tukamfikisha hospitali, na daktari akasema: mafuta basi, samli basi, nyama ya mafuta basi. Ale ugali na mboga za majani. Aliposikia kwamba na samli imo, alimtazama yule daktari kama mtu aliyetukaniwa wazazi.

"Chakula bila samli ni chakula cha matanga," aliniambia njiani. "Nani amekufa?"

"Hajafa mtu, mama. Ndicho tunachozuia."

Lakini akaacha kula. Tangu akiwa mwari alikuwa akisukasuka kibuyu cha maziwa asubuhi, anatoa siagi, anaichemsha iwe samli, na kila mboga iliyopita mkononi mwake ilimaliziwa na kijiko cha samli. Sasa anamega matonge mawili, anasukuma sahani. Niliona kwenye kanga. Ile iliyokuwa ikimfunga mara moja na kidogo, ikamzunguka mara mbili na ikabaki.

Niliogopa. Mama yangu mzazi alifariki sijaota meno ya pili. Huyu ndiye aliyenipokelea watoto wangu wote, ndiye aliyeniita "mayu", yaani mama, mimi mkwe wake. Nilikuwa nikisikia "mayu, njoo" kutoka uani, moyo unatulia. Nikawa nawaza, asiponiita huyu, nani mwingine ataniita?

Basi nikakumbuka jiko la mgodi. Kabla sijaolewa nilikuwa nikiosha vyombo kwenye mgodi wa almasi, na mpishi wetu alikuwa mzee wa kutoka Tanga. Alitengeneza sosi ya kumwagia saladi: viini vya mayai, mafuta anayamimina kama uzi, anapiga na kupiga mpaka inasimama kwenye kijiko. Halafu majani yake yaliyokatwakatwa, na ndimu. Mabwana waliimwagia kwenye majani mabichi wakala. Mimi nilicheka sana, watu wazima kula malisho. Siku niliyolamba mwiko, kicheko kikaisha.

Mayai na mafuta yale yangemwua mama mkwe. Lakini nilipojaribu kuikumbuka ladha, haikuwa mafuta niliyoyakumbuka. Ulikuwa ule ulaini, na uchachu, na harufu ya majani. Nikasema, ulaini na uchachu si vimo humu ndani? Maziwa ya mgando yanayobaki siagi ikishatolewa ni mepesi, mafuta yake yamekwenda. Nikayamimina kwenye kitambaa safi, nikakifunga kwenye mti wa paa yatone maji. Baada ya muda yakabaki mazito, meupe, laini. Giligilani na nanaa zilikuwa zinaota zenyewe pale maji ya kuoshea vyombo yanapomwagika. Nikazikata, nikaongeza majani ya kitunguu. Nikanyoosha mkono kuchukua chumvi.

"Weka chini!"

Sikujua kama ameamka. Alikuwa amesimama mlangoni, ameshika ubavu.

"Mama, ni chumvi kidogo tu."

"Yaya! Hapana! Unataka kumkausha ng'ombe wangu? Maziwa hayatiwi chumvi. Chuchu zitapasuka, atoe damu, halafu utamkamua wewe?"

"Nataka ule, mama."

"Heri nife mimi, ng'ombe apone. Watoto wenu watakunywa nini?"

Hayo ndiyo niliyoyakuta katika mji ule. Ukitia chumvi kwenye maziwa, ng'ombe aliyeyatoa anaumia huko aliko malishoni. Sikubishana. Niliyanywa yale maziwa hivyo hivyo, na majani yake, nimesimama, machozi yananitoka, na yeye ananitazama.

Alirudi kitandani. Nikadhani amelala. Mara nikasikia sauti:

"Mayu."

"Abee."

"Ng'ombe wa watu sina neno naye."

"Unasemaje, mama?"

"Nasema maziwa ya ng'ombe nisiyemjua, yatie hata pilipili. Akikauka, nitampa mwenyewe pole."

Tulicheka wote wawili. Yeye alicheka ameshika ubavu, ananikataza nisimchekeshe.

Kesho yake nikaenda Maganzo kwa miguu. Pale kando ya barabara, katikati ya wauza vitumbua na wanaume wenye vijiwe vyao vya almasi kwenye vikaratasi, alikuwako mama mmoja mnene, mcheshi, anauza maziwa ya mgando kwenye kibuyu. Nilikuwa na miche ya sabuni aliyonitumia mume wangu kutoka Geita. Nikamkatia kipande, akanipa maziwa. Akakinusa kile kipande akasema, "Leo mume wangu hatanitambua." Hatukuulizana mengi. Mimi nilitaka ng'ombe nisiyemjua, na nilichelea kuuliza nisije nikamjua.

Nikafanya kama siku ile. Safari hii nikaponda kitunguu saumu na chumvi kwenye kinu kidogo, nikachanganya na majani, nikakamulia ndimu, nikapiga kwa upekecho mpaka ikashikana. Nikaimwaga juu ya matango na nyanya vilivyokatwa vyembamba. Mama mkwe akachovya ncha ya kidole. Akachovya tena, safari hii vidole viwili.

"Nani kakufundisha kula malisho?" akauliza, mdomo umejaa.

Siku ile alimaliza ugali wake. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikakaa chini.

Nikawa mtu wa Maganzo. Kila siku ya pili naondoka alfajiri na kipande changu cha sabuni. Mavuno yakapita. Kanga ikaanza kumfunga vizuri, ubavu ukanyamaza, akaanza kunigombeza kuhusu kuni, nikajua amepona.

Siku moja mchana niko uani nachambua mchicha, nikasikia hodi. Naangalia, ni yule mama wa maziwa, amevaa kanga mpya, ana kifurushi kichwani. Nikajua amenifuata mimi. Kumbe hakunitazama hata kidogo. Alipiga magoti mbele ya mama mkwe wangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Za huko?"

"Nzuri, mama. Nimechelewa kuleta habari, nisamehe. Ng'ombe wako alizaa kabla ya mavuno. Jike. Na maziwa anatoa, tunakunywa na mengine nayauza barabarani."

Watu wa kwetu hawaweki ng'ombe wote zizi moja. Unampa rafiki huyu mmoja, ndugu yule mmoja, wakutunzie, maziwa wanywe wao, ndama ni wako. Ugonjwa ukija hauli wote. Mama mkwe alikuwa amemweka huyu kwa mume wa mama yule miaka mingi nyuma, ng'ombe wake mwenyewe, aliyepewa na kaka yake. Mimi sikuambiwa. Na mama mkwe naye hakujua ninanunua kwa nani.

Yule mama akageuka akaniona. "Aa! Kumbe Mama Sabuni ni mkweo!"

Mama mkwe alinitazama. Akatazama bakuli lililokuwa limefunikwa karibu yangu, akalijua lina nini. Nilikuwa nimemtia chumvi ng'ombe wake mavuno mazima, na yeye ndiye aliyekula.

Mgeni alipoondoka, mama mkwe alirudi kitandani. Hakula jioni hiyo. Asubuhi hakula. Nikajua nimempoteza kwa mikono yangu. Saa nne akaniita.

"Nenda ukamwangalie chuchu. Kwa macho yako. Usinidanganye."

Nilikwenda nikikimbia. Nikachuchumaa chini ya yule ng'ombe, mwenye madoa ya kahawia ubavuni, nikamshika moja moja zote nne. Laini, hazina hata ufa. Nikarudi nikamwambia.

"Basi ataumia baadaye," alisema. "Chumvi haina haraka. Mimi siwezi kula ng'ombe wangu."

"Sasa mama utakula nini?"

"Ng'ombe ni wako. Tangu leo. Ndama namchukua mimi. Ukimkausha, umejikausha mwenyewe, na mimi nitakupa pole."

Aliita majirani wawili washuhudie, maana mkwe kupewa ng'ombe akiwa hai mwenye mji si jambo la kunong'onezana. Tukamleta nyumbani. Jioni hiyo nilimkamua mwenyewe, na maziwa yalipoganda nikatia chumvi mbele yake, yeye ameshika bakuli.

Alikula hivyo mpaka alipolala, na hakulala kwa nyongo. Ilikuwa homa, ya siku tatu. Yule ng'ombe nilibaki naye miaka mingine. Akazeeka, maziwa yakapungua, asubuhi moja nikamshika nikakuta pamekauka. Ulikuwa uzee tu, chuchu nzima kabisa. Nilinyanyuka na ndoo tupu nikaelekea nyumbani haraka, mdomo umeshafunguka, nimwambie haikuwa chumvi. Nimefika mlangoni ndipo nikakumbuka. Nikasimama pale na ndoo yangu, jua likapanda, sikuwa na wa kumwambia.