Part Five Haikufika Dundori

Nilisimama mbele ya watu mia mbili nikiwa na gumbuti za matope, nikatetea muvi ambayo sijawahi kuiona.

Na kaka yangu, tumbo moja, akaniangalia machoni akakana maneno yangu.

Wueh. Kaa chini nikupe hii stori polepole, maana hata mimi bado naimeza.

Naitwa Nyakio. Nalima waru huku Dundori, na hivyo viazi ndivyo vimenilea. Alhamisi iliyopita nilikuwa nimeshusha magunia kwa hoteli moja Njoro, karibu na chuo. Kwa kibeti nilikuwa na fomu ya wakili.

Hiyo fomu ilikuwa ya shamba la marehemu Baba, ekari tatu, ambalo kesi yake ya urithi iko kortini Nakuru. Inasema mimi, binti yake, nimekubali jina langu lisiwe kwa title, ile hati ya shamba, kila kitu kiende kwa kaka yangu Kabiru. Huku kwetu wasichana wengi husaini hiyo karatasi bila kelele, wakipikiwa hata chai.

"Ni karatasi tu, Nyakio," Kabiru aliniambia kwa simu. "Si unajua mimi siwezi kukutupa?"

Nilikuwa najua. Ama nilidhani najua.

Tulikuwa tumepatana tukutane saa nane, hapo chuoni anakofundisha, nimsainie. Nikafika mapema. Kwa geti nikaona bango lina picha yake, tai na miwani, chini wameandika: Mjadala leo. Je, Safari ya Kepta inastahili sifa zake? Dkt. Kabiru anasema hapana.

Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu. Kabiru? Si ni yeye alinifundisha kuipenda hiyo muvi!

Hapa lazima nikurudishe nyuma.

Safari ya Kepta ni ile muvi ya vyombo vya angani, Part One mpaka Part Seven, hata mtoto wa nasari anaijua. Tukiwa wadogo walikuwa wanaionyesha kwa kibanda cha video hapo sokoni Dundori. Mimi sikuruhusiwa kuingia. Mama alisema kibanda ni cha wavuta bangi na msichana wake hatakanyaga huko.

Kwa hivyo Kabiru alikuwa anaenda, halafu jioni nikikamua, anasimama kando ya ng'ombe ananihadithia.

Aki huyo kijana alijua kuhadithia! Milio ya injini alikuwa anatoa na mdomo. Ng'ombe alikuwa anageuza kichwa.

Mimi nilimpenda Zena, msichana wa miaka kumi na nne anayetengeneza vyombo. Kaka yake ni Koru. Nikitumwa kwa posho mill kusaga mahindi nilikuwa najiita Zena njiani.

Sasa, Kabiru alikuwa amerudia darasa, kwa hivyo tulimaliza la nane pamoja. Barua za form one zikakuja mbili. Mimi nilikuwa na alama mia tatu sabini na moja. Yeye mia tatu na nne.

Baba akatuketisha. "Uwezo wangu ni wa mtoto mmoja," akasema. "Sitaki kuchagua, nisije nikabeba lawama. Ongeeni wenyewe."

Siku tatu hatukuongea. Nilikuwa nalala na hiyo barua chini ya mto.

Jumamosi jioni Kabiru akaja zizini na Part Four.

Sayari inalipuka. Chombo kimebaki kimoja, na ndani kiti kimebaki kimoja. Zena anamsukuma Koru ndani, anafunga mlango, halafu anamwambia kupitia kioo: "Enda. Mimi nitabaki nikishika taa, ndio ujue njia ya kurudi."

Nililia mpaka nikamwaga maziwa.

"Na anarudi?" nikamuuliza.

"Anarudi kumchukua. Iko kwa Part Five."

"Hiyo utaona lini?"

"Bado haijafika Dundori."

Kesho yake tukitoka kanisani nikamwambia Baba, "Peleka Kabiru. Mimi nitashika taa."

Baba hakujua nasema nini, lakini machozi yalimtoka. Jumapili iliyofuata pasta alinisimamisha mbele nikapigiwa makofi. Nilikuwa na furaha, nisikudanganye. Nilikuwa Zena.

Kabiru akaenda. Akamaliza sekondari, akaingia chuo, akapanda ndege, akarudi daktari wa mambo ya injini. Mimi nikauguza Mama mpaka mwisho. Nikazika Baba. Kila Krismasi namuuliza, "Part Five imefika?" Anacheka. "Bado." Ilikuwa utani wetu, miaka ishirini.

Utasema, Nyakio, si una simu, si ungeitafuta? Ningeweza. Lakini niliona ni yake kuniletea. Nilikuwa namngoja.

Haya, turudi Njoro.

Nikaingia ukumbini nikakaa nyuma. Kabiru yuko mbele na maiki, anaichinja hiyo muvi bila huruma.

"Ni kelele na rangi," anasema. "Watu wazima wanalilia mabati yakiruka. Haina ukweli wowote wa binadamu. Sifa zake ni za bure."

Kijana aliyekuwa anasimamia mjadala, wanamwita Micah, akauliza, "Kuna mtu wa kuitetea?"

Mkono wangu ukapanda kabla sijaufikiria. Kabiru akaniona. Rangi yake ikabadilika, lakini maiki nilikuwa nimeshapewa.

"Mimi ni mkulima," nikasema. "Lakini hiyo muvi msiiite kelele. Kwa Part Four Zena anampa kaka yake kiti, yeye anabaki. Hiyo kitu ilinifundisha kupenda mtu. Hata mimi niliifanya."

Kicheko kikaanzia hapo nyuma.

"Mathe, hiyo uliona kwa ndoto?"

"Hizo ni stori za jaba, za watafuna miraa!"

Ukumbi wote ukapasuka.

"Muulizeni Daktari!" nikapaza sauti. "Ni kaka yangu. Yeye ndiye alinihadithia!"

Micah akamgeukia. Kabiru akavua miwani, akaipangusa na tai, akaivaa tena.

"Dada yangu amechoka," akasema. "Nafikiri anachanganya na muvi nyingine."

Nilitoka hapo haraka. Nimefika kwa pikapu yangu, nasikia mtu anakimbia nyuma.

"Anti, pole sana. Naitwa Abby. Hao wenye walicheka ni washamba tu." Msichana mdogo, mwanafunzi, simu mkononi. "Kwanza hukukosea sana. Hiyo sehemu iko. Ni vile..."

"Ni vile nini?"

"Hebu jionee."

Tukakaa nyuma ya pikapu, juu ya magunia matupu. Akabonyeza.

Sayari ikalipuka, vile tu Kabiru alisema. Chombo kimoja. Kiti kimoja. Koru akamshika Zena mabegani. Zena anakataa, anapiga mateke. Koru akamsukuma ndani, akafunga mlango, akaweka mkono kwa kioo. Kiingereza chao nilikielewa vizuri.

Enda. Mimi nitabaki nikishika taa, ndio ujue njia ya kurudi.

Maneno ni yale yale. Lakini aliyeyasema ni kaka. Kaka ndiye alibaki.

"Rudisha," nikamwambia Abby.

Akarudisha. Nikaangalia mara tatu.

"Na Part Five?"

"Woi, hiyo ndiyo tamu kuliko zote! Ni ya Zena. Anasoma, anakuwa kapteni."

Hapo ndipo nililia. Si ile ya zizini. Hii ilitoka tumboni, mpaka Abby akanishika mkono asijue kosa lake ni lipi. Nilichezwa. Na mtoto wa mama yangu! Wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi changu kilikuwa kinanishikia ndoo ya maziwa.

Na nikaelewa kwa nini hawezi kusikia hiyo muvi ikisifiwa. Ndiyo shahidi wa pekee aliyebaki.

Saa nane kamili Kabiru akaja, kalamu iko tayari mkononi.

"Nyakio, mbona uniaibishe mbele ya wanafunzi wangu?"

"Nimeiona, Kabiru. Part Four."

Akaegemea pikapu.

"Nilikuwa na miaka kumi na tano," akasema, sauti imeshuka. "Ulikuwa umenishinda alama zote. Nilijua ni wewe utaenda. Niliogopa, Nyakio. Nilikuwa mtoto."

Nitasema ukweli, nilimhurumia. Kumi na tano ni utoto. Kama angeishia hapo, labda ningemkumbatia tukalia wote, yaishe.

Lakini nikafungua kibeti, nikatoa ile fomu.

"Na hii? Uliiandikisha ukiwa na miaka mingapi?"

Aliangalia viatu vyake, viatu vizuri, vya ngozi.

"Si hata ukiolewa..." akaanza.

"Kabiru."

Nikamrudishia fomu yake haina hata tone la wino. Kalamu nikamnyang'anya, nikabaki nayo, nitaihitaji. Nikapanda pikapu nikawasha.

"Nyakio, ngoja! Tuongee kama ndugu!"

Nikashusha kioo.

"Part Five imefika Dundori," nikamwambia, nikatoa breki.

Sasa watu wananiuliza kama hiyo muvi inastahili sifa zake. Nimeona zote saba wiki hii, ya tano mara nne. Inastahili, na zaidi. Mwongo hakuwa muvi.

Wewe unayesoma hapa, chukua hii moja tu. Mtu akikuhadithia stori tamu ya yule aliyetoa kiti chake, kabla ulie, muulize yeye mwenyewe anapanga kukaa wapi.

Jumatatu kesi ya shamba inatajwa kortini Nakuru. Naenda na gumbuti zangu zile zile.