Samaki Mkubwa wa Mgeni

Maisha yangu ya kazi yalipita kwenye mialo ya wavuvi kando ya maziwa, nikipima samaki na kuandika ripoti ambazo sijui ni nani alizisoma. Nilipostaafu nikahamia Temeke. Majirani walidhani nilikuwa muuza samaki, nami sikuwabishia.

Jirani yangu, muuguzi mstaafu, alifuga perege katika bwawa la saruji nyuma ya nyumba. Lakini samaki hawakukua. Mwanawe alitaka lifukiwe, vijengwe vyumba vya kupangisha. Alimpa mama yake muda hadi Idi Kubwa. Mama hakutaka. Akaniita.

"Wamerogwa hawa, shoga? Wanakula pumba kuliko mbuzi."

"Shikamoo, mama," mwanawe alinisalimu. "Mwambie ukweli. Hao ni dagaa."

Nikamuuliza jirani huwa anavua samaki wepi. Akashangaa. "Mgeni akija, namvulia mkubwa kuliko wote. Nimpe kifaranga?"

Hapo nikaelewa. Perege dume hukua haraka. Jike hubeba mayai mdomoni, na siku hizo hali chochote, kwa hiyo hubaki mdogo. Kila mgeni wake alikuwa amekula dume kubwa. Waliobaki ni majike, vidume vidogo, na watoto wao wengi wakigombea pumba ileile.

Nikamwonyesha jinsi ya kumgeuza samaki tumbo juu na kumpaka sehemu ya uzazi dawa ya zambarau, ile ya vidonda vya mdomo vya watoto, ili matundu yaonekane: dume mawili, jike matatu. Mikono yake ya wodini ilizoea upesi. Madume warudi bwawani, majike waende kikaangoni.

Shemeji yake alikuja kutoka Lindi akawekewa vijike vitatu.

"Shemeji, hiki ni chakula au chambo?"

"Kula. Wakubwa wako shule."

Jirani aliona aibu, baadaye aliniambia, lakini hakugusa madume. Mialoni niliwaeleza watu wengi mambo kama haya, kisha nikapanda gari kabla ya kuona walichofanya. Hapa niliona, kwa kuwa naishi ukuta wa pili.

Idi ilipokaribia, mwana wa jirani alikuja na fundi mwenye futikamba. Mwana alichungulia majini kwa muda, kisha akaomba wavu.

"Wa nini?" mama yake akauliza.

"Yule mkubwa pale. Nikamchome."

"Chukua jike."

Mwanawe akamwonyesha fundi upande wa barazani, vyumba vikapimwa huko.