Kajisifia jukwaani wimbo wa rock niliotunga mimi, kungwi akamuuliza maswali mawili tu

Wakuu, shikamooni mlionizidi umri. Wenzangu, mambo.

Huwa nasoma tu nyuzi zenu. Kuandika naona aibu, halafu niko slow, niliishia darasa la saba. Lakini hili sijakaa nalo sawa mpaka sasa. Naliweka kama lilivyotokea, chumvi sina.

Mimi ni binti, naishi Lindi mjini na kaka yangu. Kaka anapiga drums kwenye bendi ya rock. Ndiyo, rock, yale magitaa ya umeme yanayolia. Mwanzoni watu waliwacheka, siku hizi wanaitwa hadi harusini.

Bendi ni wanaume watupu. Kiongozi na mwimbaji tumwite Shedu. Kazi yangu mazoezini ilikuwa kuwapikia chai na kukunja nyaya.

Ila nilikuwa natunga. Nyimbo zinanijia nikifua. Naimba kwenye simu, namtumia kaka voice note, naye anawasikilizisha wenzake.

Shedu alizipenda. Akaniambia, "Dogo una kichwa. Ila rock inataka sauti ya kiume, tuachie sisi."

Nikasema sawa kaka. Niliomba kitu kimoja tu, wakipiga waseme nani katunga.

Akacheka. "Hilo tu? Usiwaze."

Basi juzi juzi wakaalikwa harusi Kitomanga. Kwetu kabisa, mama yupo, mashangazi wapo. Nikasema leo watalisikia jina langu. Hadi gauni nilishonesha, acha tu.

Alasiri Shedu akashika maiki: "Wimbo huu nimetunga mwenyewe, umetoka moyoni."

Mwenyewe!

Masikio yaliziba wakuu. Nikamwangalia kaka, kainamia drums kama kadondosha kitu.

Shedu akaanza: "Mmenipa mtungi, mmenificha kisima..."

Hapa wasio wa huku wanielewe. Maneno ni yangu, ila ule mwendo wa kuita na kuitikia niliutoa unyagoni, kule wasichana tunakofundwa na mwanaume hakanyagi. Sikufikiria mbali. Bendi wao waliona ni mdundo mkali tu.

Alipoita, wanawake wote wakaitikia. Ilikuwa imeshawatoka. Kisha wakashtuka, wakaanza kutazamana.

Akainuka Bi Somoe, kungwi aliyetufunda. Akaenda taratibu mpaka mbele. Magitaa yakanyamaza moja moja.

"Mwanangu, umetunga mwenyewe?"

"Ndiyo bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Ulichezwa na nani?"

Uwanja ulipasuka! Kuchezwa ni kutiwa unyagoni, mambo ya wasichana. Shangazi yangu akapaza sauti, "Mwari wetu huyo, mleteeni kanga!"

Shedu akabadilika rangi. Akishikilia kuwa katunga yeye, basi alichungulia unyago, na huku aibu hiyo haifutiki. Akaninyooshea kidole.

"Si mimi bibi! Katunga huyo! Dada yake drums!"

Hata pale jina hakutaja.

Bi Somoe akaniita, akaninong'oneza: "Maneno yako mazuri. Mwendo ni wetu, usimpe tena mwanaume akajisifie nao. Tafuta wako. Haya, waambie wewe nani."

Nikataja jina langu, nikataja na la mama, nikasema nimetunga mimi. Mama akapiga kigelegele, nikalia mbele za watu.

Mngedhani yameisha.

Wakati wa pilau mzee mmoja akamfuata Shedu, akamshika bega. "Hongera kijana, una moyo. Wimbo wako halafu sifa umempa binti."

Shedu akajibu, "Asante mzee."

Mimi nimesimama pale pale na sinia! Nusura limwagike.

Nilichojifunza ni kwamba nilikosea kuomba nitajwe. Anayekutaja leo, kesho anakusahau, na watu wanamwamini yeye. Wimbo wako usimame nao mwenyewe, hata kama unalia.

Nimetunga mwingine, mwendo wangu mwenyewe. Shedu kauomba, nimemnyima. Kasema tutaona nitafika wapi na drums tupu. Maana kaka naye kahama bendi, yuko upande wangu.

Dada zangu mnaotunga, yamewahi kuwakuta? Mlifanyaje? Na kama kuna mtu Lindi anapiga gitaa na hana shida mwanamke kusimama mbele, aandike hapo chini. Nitajibu, ila polepole.