Mama Anasema ni Mshipa, Tochi Inasema Sivyo

Ndugu wa ukurasa huu, jina langu lifichwe, maana mji wetu wa Ibra ni mdogo na sote tunajuana. Nina miaka ishirini na minane, karani wa serikali, nimeoa mwaka jana na mtoto sijapata. Sisi ni watu wa Unguja, tuliingia Oman miaka ya sabini, yapata miaka kumi na mitano sasa, nikiwa bado wa skuli.

Karibu mwaka sasa korodani yangu ya kulia ina uvimbe mgumu. Hauumi hata kidogo, na huko kutouma ndiko kulikonidanganya. Nilipomwambia mama, na aibu zangu zote, alicheka. "Mshipa huo, mwanangu! Marehemu babaako katembea nao Unguja mpaka kanzu ikawa haimkai, na miye nkakuzaa." Kwetu mshipa, yaani busha, haukuhesabiwa hata ugonjwa, wazee walitaniwa nao barazani. Nikatulia, mjinga mkubwa mimi.

Wiki iliyopita mke wangu alinikokota hospitali. Daktari, Mhindi mwenye Kiarabu cha kuokoteza, akaniuliza, "Fi alam?" Kuna maumivu? "Mafi," hakuna, nikajibu kwa kujidai. Hakufurahi. Akazima taa, akaimulika korodani kwa nyuma na tochi. Akasema yangekuwa maji ya busha, mwanga ungepita. Haukupita. Ni nyama, huenda ni saratani, niende Maskati haraka ikatolewe korodani hiyo. Ya pili ikiwa nzima, mtoto naweza kupata. Akanikataza kabisa kuchomwa sindano pale na mtu yeyote, maradhi yasije yakasambaa.

Mama hataki kusikia. Ijumaa analeta mzee kutoka Al Qabil, mtu wa kwetu, anayewavuta watu maji ya mshipa kwa sindano. "Wakakuhasi? Wallahi ukenda Maskati, radhi yangu huna!" Mke wangu analia tu, na mama anamwita mkosi.

Jana nilijifungia chooni na tochi. Nikaiweka nyuma ya vidole, vikawa vyekundu, mwanga umepita. Nikaishusha nyuma ya uvimbe. Giza. Mlangoni mama anagonga: "Toka unywe uji, mwanangu, mshipa haujaua mtu."

Sijapata kumkaidi mama maisha yangu. Naogopa kufa, na naogopa kupona bila radhi yake. Nishaurini kabla ya Ijumaa, nyinyi mlio wazazi: ningekuwa mwanenu, mngenipeleka wapi?