Migomba Waliyotuambia Tung'oe

Mama yangu alinunua ndizi sokoni Ngara kwa mara ya kwanza maishani akiwa tayari ana wajukuu, na akazifunika kwa kanga mpaka nyumbani ili majirani wasizione. Kwetu Kirushya mtu ananunua chumvi, ananunua sabuni. Ndizi hununui. Ukionekana umebeba mkungu wa sokoni, ni kama umetangaza kwamba huna kwenu. Nilikuwa nyuma yake siku hiyo, na hasira iliyonipanda haijashuka hadi leo.

Shamba lake lilianzia ukutani mwa nyumba. Baba alilipanda, na baba akazikwa humo humo, kivulini. Kisha mnyauko ukaingia upande wa barabarani: majani yanakuwa njano, ndizi zinaiva kabla ya kukomaa, ukizikata unakuta zimeoza ndani. Upande wa kaburi migomba ilikuwa mizima kabisa.

Ndipo mradi ukaja, na magari yao meupe na kofia za bure. Fedha zilitoka nchi moja ya Ulaya. Mtaalamu wao alikuwa kijana Mtanzania mwenye adabu. Alimwamkia mama shikamoo, akakaa, akala. Akaeleza kwamba dawa ya mnyauko hakuna. Wote tung'oe migomba yote kwa pamoja, ardhi ipumzike msimu mmoja, halafu tutapewa miche safi inayokuzwa kwenye kitalu chao Benaco, tuipande kwenye mashimo marefu.

"Hata hii mizima?" mama akauliza.

"Hata hiyo, mama. Ukibakiza mmoja, umerudisha ugonjwa."

Jirani yetu mmoja, mzee mbishi kweli kweli, alikataa. "Nyie ng'oeni, mimi nitakuwa nawaangalia," alisema, nasi tukamcheka. Mimi ni fundi cherehani pale Ngara mjini. Nikafunga kibanda changu nikaenda kumsaidia mama. Tulikata, tukachimba mpaka matunguu ya mizizini, tukafukia. Tulipofika kaburini alitufukuza wote, akaing'oa ile michache peke yake. Jioni ukisimama mlangoni unaona hadi barabarani. Mama hakuwahi kuiona barabara akiwa mlangoni kwake.

Tukangoja. Ardhi ilipokuwa bado inapumzika, tukaitwa mkutanoni. Kijana yule alisimama bila kofia. Akasema kule kwa wafadhili serikali imebadilika, sera ya misaada inapitiwa upya, na shughuli zote zimesitishwa mpaka tutakapotangaziwa vinginevyo.

Zimesitishwa! Jamani, tumbo nalo linasitishwa?

Nikaja juu. "Na miche yetu?"

"Miche ni mali ya mradi, dada. Haiwezi kugawiwa bila kibali."

"Kibali cha nani?"

Akaanza kukusanya karatasi zake. Sikumlaumu sana, naye kazi ilikuwa imemtoka.

Sikilizeni. Fedha ni zao, sikatai. Wana wananchi wao wanaokatwa kodi, wana uchaguzi wao, wakiona misaada inawachosha, waache. Wangekataa siku ya kwanza ningewaaga kwa heri. Lakini huwezi kuingia shambani kwa mwanamke mzima, ukamwambia ang'oe chakula chake kwa mikono yake, halafu katikati ya kazi ukakumbuka kwamba una mambo nyumbani kwenu! Bajeti yao inageuka kila mwaka. Mgomba haujui bajeti, unajua mvua. Na wakubwa wetu wenyewe wananiudhi vilevile, maana hakuna hata mmoja aliyeuliza, hawa wakiondoka, kufuli la kile kitalu litafunguliwa na nani.

Nilichukua bodaboda hadi Benaco. Hapo hapo, nikiwa mtoto, niliona kambi ya wakimbizi imejaa watu na malori ya misaada, kisha yote yakahama na milima ikabaki haina mti. Nilikuta uzio, kufuli, na mzee mlinzi ameketi kwenye ndoo. Ndani miche ilikuwa imetoboa mifuko yake, mingine imeinama, mingine mikavu kabisa. Bomba la maji lilikuwa limefungwa siku ile ile mradi ulipofungwa.

"Baba, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Nifungulie nichukue ya mama yangu tu. Si inakufa hii?"

"Naiona inakufa. Lakini nikifungua, nakwenda ndani mimi." Akaigonga ndoo aliyokalia, akasema, "Asubuhi naileta hii ndoo kutoka nyumbani. Namwagia ile ninayoifikia kupitia kwenye waya."

Nikashika ule uzio nikautikisa kwa nguvu zangu zote, natukana kwa Kihangaza, natukana kwa Kiswahili. Mzee wa watu aliniacha nimalize. Nikarudi mikono mitupu.

Mvua ikaanza. Siku ya pili yake nilimkuta mama uani, miguu ina matope, ameshika chipukizi la mgomba. Alikuwa ametoka nalo kwa yule mzee mbishi. Shamba la mzee nalo lilishaanza kuwa njano, kila mtu alikuwa analiona.

"Mama, huo una ugonjwa."

"Huenda."

"Si huenda! Utapanda mnyauko upya. Kazi yote ile ya nini sasa?"

"Unanipigia kelele mimi?" akasema. "Siku walipokuja na magari yao hukuwapigia."

Akatembea mpaka kaburini, akaliweka chipukizi chini, akanyoosha mkono kunipa jembe.

"Chimba. Mgomba ukifa, utakufa. Lakini baba yako hawezi kulala juani, eti anangoja watu wamalize uchaguzi wao."

Nikachimba. Nilikuwa nalia kwa hasira, na nikachimba shimo refu, kama alivyotufundisha kijana wa mradi.