Gari Lililowekeshwa kwa Marcel

Zamani mtu wa kwetu aliweza kumwachia rafiki ng'ombe thelathini kwa miaka kumi bila hata alama ya dole gumba, na leo ndugu wa tumbo moja hawaazimani jembe mpaka waandikiane mbele ya mwenyekiti wa kitongoji. Vijana huniambia hayo ndiyo maendeleo. Sibishani nao. Ila nilimfahamu mtu mmoja aliyeishi kati ya nyakati hizo mbili, na nilikuwepo siku nyakati hizo zilipoachana.

Aliitwa Bujiku. Alihama Shinyanga mwaka wa arobaini na sita pamoja na mkewe Mbuke na watoto wao wawili, Maige na Sikujua, akaja kufyeka pori nyuma ya Buseresere alime pamba. Wakati ule Buseresere ilikuwa na maduka matatu ya bati, na mbung'o walikuwa wengi kuliko watu. Kwa sababu ya mbung'o, ng'ombe wake wengi aliwaacha Shinyanga, amewawekesha kwa marafiki.

Kuwekesha si kuazima wala si kuajiri. Rafiki anayekaa na ng'ombe wako anakunywa maziwa na kutumia samadi. Ndama ni wako. Ukienda kumtembelea unapewa maziwa, unakalishwa mahali pazuri, na jioni mifugo inapitishwa mbele yako mmoja mmoja. Ukiwahitaji, unakwenda kuwachukua, nawe unamwachia mtamba mmoja wa shukrani. Yule mtu akikataa kupokea ng'ombe wako, amekukataa wewe. Na ukitaka maandishi, wewe ndiye uliyemtukana.

Mimi nilikuwa fundi cherehani, nikishona kwenye baraza la duka la Mhindi. Shule sikwenda. Kusoma nilijifunza kwa magazeti aliyofungia sukari, na kwa hiyo nilijua habari nyingi zisizo na mwanzo wala mwisho. Watu waliniletea barua zao niwasomee. Nilijiona mtu mkubwa.

Mwaka wa hamsini Sikujua, binti yao, ambaye alikuwa ameolewa jirani, alishikwa na uchungu wa uzazi siku mbili. Wakampakia kwenye mkokoteni wa ng'ombe kumpeleka hospitali Geita. Alikufa njiani, na mtoto ndani. Walipogeuza ng'ombe, Mbuke alikataa kupanda. Alitembea nyuma ya mkokoteni njia nzima ya kurudi, mkono wake juu ya ubao wa nyuma.

Miezi mingi ikapita. Halafu asubuhi moja Bujiku akaja akasimama mbele ya cherehani yangu.

"Fundi, gari huuzwa wapi?"

"Gari la nani?"

"Langu."

Barazani walikuwapo watu wanaosubiri duka lifunguliwe. Wakacheka. Mmoja akamwambia, "Baba Maige, jioni utalifunga kamba mguuni likalale zizini?"

"Nitalifunga," Bujiku akasema. "Na wewe ukiugua, utapita zizini kwangu unisalimie vizuri."

Wakacheka zaidi, lakini yeye hakucheka. Alitaka kitu kimoja tu: mtu wa nyumbani kwake asife tena juu ya mkokoteni.

Aliyejua mambo ya magari ni Marcel. Huyu alikuwa dereva wa mgodini Geita, kijana wa upande wa Ngara aliyesoma kidogo misheni, mchangamfu, mwenye leseni na viatu vya ngozi. Mkewe Generosa alikaa Buseresere. Marcel alipopita na lori la mgodi alikuwa akiwabebea Bujiku na Mbuke marobota yao ya pamba bila kudai kitu, na urafiki wao ulianzia hapo. Akatwambia kwamba Mwanza gari jipya lina foleni, wanatangulia Wazungu, wanafuata Wahindi, na Baba Maige angengoja mpaka mvi zimfike kwenye nyusi. Lakini ng'ambo ya mpaka, kule Usumbura kwa Wabelgiji, Wagiriki wanauza magari yaliyokwisha kutumika, na ukiwa na fedha unaondoka nalo siku hiyo hiyo.

Bujiku akaenda Shinyanga, akawachukua mafahali ishirini na wawili kwa rafiki zake, akawauza mnadani. Hakuna rafiki aliyeuliza sababu. Tukaondoka watatu: yeye, Marcel, na mimi, kwa kuwa alitaka awe na mtu wake wa kusoma.

Tulipanda malori ya mizigo hadi Biharamulo, kisha Ngara, kisha tukavuka. Usumbura nilistaajabu kuona magari yanapita upande wa kulia wa barabara. Mgiriki alitutolea Chevrolet ya kijani, lori dogo lenye bodi la mbao nyuma, usukani uko kushoto. Bujiku alilizunguka mara tatu. Akalipiga kofi kiunoni. Akachuchumaa akaangalia chini, akainuka akanusa pale mbele maji yanapotiwa.

"Mwulize liliwahi kuugua nini," akamwambia Marcel.

Marcel akamfasiria Mgiriki. Mgiriki akacheka mpaka akakaa juu ya tairi, lakini akajibu: liliwahi kuugua breki, limepona.

"Amesema kweli," Bujiku akasema. "Angesema halijaugua kabisa nisingenunua."

Njiani kurudi waliafikiana, na mimi nimekaa katikati yao nikisikia. Gari litakaa kwa Marcel Buseresere, kwa maana ndiye mwenye leseni, na nyumbani kwa Bujiku barabara haifiki. Nauli za abiria na mizigo ndizo maziwa, Marcel atakunywa. Akipata cha kumletea Bujiku, atamletea. Ila siku yoyote mtu wa Bujiku akiugua, gari litakuja kwanza.

"Nikilitaka nitakuja kulichukua," Bujiku akasema.

"Hata kesho, Baba Maige."

Upande wetu wa mpaka karani wa ushuru, Mwafrika mwenzetu, alikuwa na meza na fomu zake. Akatazama barua ya Mgiriki, akalizunguka gari, akapiga hesabu ya ushuru, Bujiku akalipa pale pale. Kisha karani akachovya kalamu.

"Mwenye gari ni nani? Niandike jina."

Bujiku akamnyoshea kidole Marcel. "Andika huyu. Ndiye anayekaa nalo."

"Mzee, sikuulizi anayekaa nalo. Nauliza mwenyewe."

"Hata ng'ombe akiwa kwake ataitwa ng'ombe wa kwake. Andika."

Na hapa lazima niseme haki. Marcel mwenyewe alisema, "Baba Maige, bora liandikwe jina lako."

Bujiku akamgeukia polepole. "Unanikataa?"

"Sikukatai."

"Basi pokea."

Marcel akatazama viatu vyake. Karani akanitazama mimi. "Wewe mwenye miwani, unajua kusoma? Hebu soma hii, kisha umweleze mzee wako."

Akanipa ile karatasi. Ilikuwa ya Kiingereza. Nilijua herufi zote, na sikujua neno hata moja. Nyuma yetu kulikuwa na wachuuzi wamepanga mstari, wananitazama. Nikaishika muda mrefu, nikitikisa midomo kama mtu anayesoma. Ningeweza kusema sijui. Ningeweza pia kumwambia Bujiku kwamba karatasi ya serikali haijui mambo ya kuwekesha. Lakini hilo sikulijua, au nililijua kidogo nikaona aibu kulisema mbele ya Marcel, kana kwamba namwita mwizi kabla hajaiba.

"Iko sawa," nikasema.

Karani akaandika.

Mwaka wa kwanza mambo yalikwenda kama yanavyotakiwa. Bujiku alipokuja Buseresere, Generosa alimletea maziwa na kumtandikia ngozi. Marcel aliliosha gari, akalileta mbele yake, akafungua boneti, Bujiku akatazama ndani, akaitikia kwa kichwa. Mwanamke wa jirani yake Bujiku alishikwa na uchungu usiku wa mvua. Wakambeba mpaka barabarani, gari likaja, likampeleka Geita, akarudi na mapacha. Mbuke alikwenda mpaka Buseresere kwa miguu, akaweka kiganja juu ya bati la moto la gari lile, akakaa hivyo kitambo, akarudi nyumbani.

Mwaka wa pili Marcel aliacha kazi ya mgodi. Akawa anabeba samaki kutoka Chato na pamba kwenda kwa wanunuzi. Bujiku alipopanda, kiti cha mbele alikuta mchuuzi. "Vumilia leo, Baba Maige, huyu ni mteja mkubwa." Maziwa ya Generosa yakawa chai. Chai ikawa, "Ametoka, sijui atarudi lini." Mara mbili Maige alitumwa kulifuata kwa ajili ya mgonjwa, akaambiwa limekwisha kodiwa.

Mwaka wa nne Bujiku akaamua kulichukua. Maige alikuwa amejifunza udereva Geita na leseni ameipata. Alikuja na Maige, na nyuma yao anavuta mtamba mweupe wa shukrani, mzuri, ambaye hajapata kuzaa. Akanipitia barazani nimsindikize.

Marcel alitoka akatusalimia vizuri. Bujiku akamfunga yule mtamba kwenye mti wa uani, akakaa.

"Nimekuja kumchukua mnyama wangu. Umemtunza. Huyu ni wako."

Marcel alimtazama mtamba. "Baba Maige, injini nimebadilisha. Tairi, breki, springi, mbao za nyuma. Kilichobaki cha Mgiriki ni rangi."

"Ng'ombe akinenepa kwa majani yako, huwa wako?"

"Gari si ng'ombe."

"Ulipolipokea ulijua ni nini."

"Mimi nilikwambia uandike jina lako," Marcel akasema, na sauti yake ilipanda kama ya mtu aliyeonewa. "Nilikwambia mbele ya huyu fundi. Ulinilazimisha wewe." Akaingia ndani, akatoka na kadi ya gari, iliyoandikwa kutokana na fomu ile ya mpakani. "Mpe asome."

Wakati huo nilikuwa nimejifunza Kiingereza. Baada ya safari ile nilinunua kitabu, nikakaa nacho miaka mitatu kwa taa ya kibatari, kwa sababu ya aibu ya pale mpakani. Kwa hiyo safari hii nilisoma kweli. Mwenye gari: Marcel. Mahali pengine popote hapakuwa na jina la Bujiku.

Nikamwambia.

"Mpakani ulisema iko sawa," Bujiku akasema.

Nikamrudishia Marcel kadi yake.

Walikwenda barazani kwa mtemi. Wazee wa baraza, kila mmoja wao na ng'ombe zake kwa rafiki mahali fulani, walisikiliza siku nzima. Nilitoa ushahidi wa maneno ya ndani ya gari, yote. Marcel hakuyakana. Alisema tu kwamba karatasi ya serikali ni hii. Mwishowe mzee mmoja akasema ng'ombe hana karatasi na gari lina karatasi, nao wasingeweza kupingana na karatasi ya Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya, kwa maneno ya fundi cherehani. Niliwatazama nyuso zao. Walikuwa wakifikiria ng'ombe zao. Mwaka ule watu wengi walikwenda kuchukua mifugo yao kwa marafiki, hata kwa marafiki wasio na kosa, na mwaka uliofuata ikaanza mitindo ya kuandikiana. Waliniletea mimi niandike. Niliandika nyingi. Nilikula kwa kazi hiyo.

Mtamba mweupe Bujiku hakurudi kumfungua. Maige alipotaka kwenda, alimkataza. Mtamba wa shukrani akishafungwa uani kwa mtu harudishwi. Generosa alimkamua miaka mingi.

Mara ya mwisho niliyowaona ilikuwa masika ya mwaka wa hamsini na saba. Mbuke alikuwa amevimba tumbo. Maige alimleta kwa baiskeli mpaka barabarani, baba yake anasukuma nyuma, wakamkalisha barazani kwangu juu ya gunia. Barabara ilikuwa tope, na tangu alfajiri hapakupita kitu. Karibu saa nne tukasikia mlio wa gari. Mimi niliujua kabla sijaliona. Bujiku pia aliujua, kwa maana alisimama akageuka upande wa pili, kama mtu anayetazama mvua.

Mbuke akasema, "Baba Maige. Twende."

Gari likasimama. Kijani yake ilikuwa imebabuka. Mbele alikaa mchuuzi wa samaki na mkewe.

"Shikamoo, Baba Maige," Marcel akasema kutoka dirishani.

"Marahaba."

"Wapi?"

"Geita. Hospitali."

Marcel akamtazama Mbuke, akaangalia usukani. Nadhani alikuwa anataka kusema jambo. Mchuuzi akamuuliza tunangoja nini, samaki wanaharibika.

"Watu wawili," Marcel akasema.

Bujiku akainama, akafungua fundo la kanga ya mkewe, akatoa nauli, akampa. Marcel akapokea. Maige na mimi tukampandisha Mbuke nyuma, kati ya matenga ya samaki, Bujiku akapanda akakaa, akauweka mguu wake uwe mto wa kichwa cha mkewe. Hakunitazama. Gari lilipoanza kuondoka aliweka kiganja juu ya ubao wa pembeni, akaupigapiga kidogo, polepole, kama mchungaji anayetuliza ng'ombe asiruke, na aliendelea hivyo hadi walipozama nyuma ya mteremko.