Damu ya Upande Gani

Mtoto alipogongwa na pikipiki kichwani, alipoteza usemi na nguvu za mkono. Bibi yake mzaa baba alitoa hukumu palepale wodini: "Damu ya kwa mama yake hiyo. Ukoo wa vichwa vizito. Huyu hapati nafuu."

Mama wa mtoto, fundi cherehani, aliyameza maneno yale lakini hayakushuka. Daktari alimweleza kwamba damu ya ukoo ina sehemu yake, ila ubongo wa mtoto hupona vizuri zaidi katika nyumba tulivu. Basi akamfungia mkwewe mlango. Akawa anamketisha bintiye kando ya cherehani, anamfundisha upya kutunga uzi kwenye sindano na kutaja rangi za vitambaa. Kila neno jipya lilimnolea kisu cha kisasi.

Mkono ulipopata nguvu na kutulia, akamwita mkwewe aje aone aibu yake. Mtoto akatunga uzi mara moja, akasema, "Mwekundu."

Bibi akapiga makofi. "Si nilisema? Damu yetu hiyo, haishindwi."

"Damu yenu ilikuwepo tangu mwanzo, mama," fundi akafoka. "Aliyepungua humu ndani ni wewe tu, ndiyo maana kapona."

Kwa ukali ule, mkono wa mtoto ukaanza kutetemeka, sindano ikaanguka. Fundi akaiona. Akaishusha sauti, laini kama anayebembeleza:

"Viatu vyako viko mlangoni, mama. Habari za mjukuu wako utazisikia kwa majirani."